Swali la Saba

Kitabu cha kumbukumbu kinasema, ukurasa wa nne,
kwamba waasisi walitega mtego.
Nilivua miwani nikacheka
hadi mke wangu akadhani nimepaliwa.

Mimi ndiye niliyezungusha mpini wa mashine.

Mwaka ule karatasi ilikuwa ya mgao.
Jivraj wa duka la madaftari alitupa rimu tatu,
mbili kwa bei, ya tatu kwa ajili ya watoto.
Stensili zilikuwa kumi na moja, nilizihesabu,
moja imetoboka kabla haijaguswa.
Mwalimu Semhando alitunga maswali kwa penseli,
usiku, chumbani kwake Barabara ya Kumi na Nne,
Ngamiani, ambako mitaa yenyewe ni hesabu
na mgeni akipotea huambiwa: toa mbili, kata kushoto.

Shule kumi na tisa zilijibu barua.
Kumi na tisa tu, nasi tukachapa juu ya karatasi
SHINDANO LA HESABU LA TAIFA
kwa herufi kubwa, bila haya.
Mwanza walijibu baada ya Pasaka
wakiuliza kama kuna posho.

Wino ulikaa kwenye kucha zangu wiki nzima.
Nilikula ugali nao. Nilitawadha nao.
Na swali la saba, saa nane za usiku,
umeme umekatika, chemli inavuta moshi:
tafuta namba mbili, jumla yake 14, zao lake 48.
Ndivyo alivyoandika yeye.
Vidole vyangu vikatanguliza nane, nne ikafuata.
Hilo tu. Tarakimu mbili zilipishana mlangoni.

Lakiri, muhuri, gunia, stesheni.
Treni ikalibeba kosa langu Muheza, Korogwe, Mombo,
likashushwa kwa heshima, likatiwa saini.

Watoto mia mbili na sita waliligonga.
Mmoja, wa Moshi, alijaza kurasa tano.
Mwingine aliandika sita na nane, akapiga mstari chini,
kama mtu alipaye deni kwa noti iliyofutwa.
Wengi waliacha peupe.

Ila Mwantumu Mtoi, wa Pangani, kidato cha pili,
mwandiko umelala kama mvua ya upepo:
"Kumi na nne ukiipasua sawasawa ni saba na saba,
na saba mara saba ni arobaini na tisa.
Ukiongeza huku unapunguza kule, na zao linashuka.
Themanini na nne haifikiki.
Swali hili halina jibu. Samahani Mwalimu."

Semhando alisoma amesimama. Akakaa. Akasoma tena.
Akaniita, magoti yakaniisha nguvu.
Aliweka rasimu yake kando ya karatasi yangu,
akatazama, arobaini na nane, themanini na nne,
kisha akaikunja rasimu mara nne
akaitia mfuko wa shati.
"Huyu alama zote," akasema.
"Na yule wa kurasa tano mpe tatu, za jasho."

Hakuligusa tena jambo hilo
miaka kumi na minane tuliyofanya kazi pamoja.
Ila mwaka wa pili, shule zikiwa hamsini na mbili,
nilipitisha kidole kwenye la saba, mara tatu,
nikaenda kumgongea mlango:
Mwalimu, hili halina jibu.
Akasema, "Najua. Chapa."

Siku hizi mashine hazichafui kucha.
Kuna masomo ya ziada, ya kulipia,
ya swali la saba peke yake.
Mtego wa waasisi, kitabu kinasema.

Mwantumu tulimpa kisanduku cha bikari,
kifuniko kimebonyea kidogo, na cheti.
Cheti nilikichapa mimi, herufi moja moja,
jina lake halikukosewa.
Lakini ile "samahani" yake hatukuijibu.
Ilikuwa yangu. Aliniandikia yeye.